Pijo ya Mbio za Safari

Siku redio ilipotangaza kwamba Pijo 404 imeshinda tena mbio za Safari, Tawakali alikuwa Mchinga, amelala chini ya Pijo 404 yake mwenyewe, anafunga ekzosi kwa waya. Alichomoka kama mtu aliyeitwa kula. Kufikia adhuhuri milango ilikuwa na namba nyekundu na bodi limepakwa matope kwa ustadi, maana Tawakali hakuogopa jasho, alimradi linamsaidia kuiba.

Mteja alikwisha kumchagua: Bi Kudra, mjane mfanyabiashara wa nazi na korosho, ambaye tangu Azimio la Arusha alivaa kanga kuukuu asije akaitwa bepari.

“Shikamoo, Bi Kudra. Gari hili limetoka mbio za Safari.”

“Marahaba, mwanangu. Mbona linakohoa?”

“Uchovu! Limetoka Nairobi mpaka Kampala kwenye tope. Mengine yalivunjika springi, hili likayapita. Fundi wa Kizungu alilia kuachana nalo.”

Bi Kudra akatoa macho, kisha akatoa magunia ya korosho. Tawakali akaenda Lindi kustarehe, akimcheka kila alipoyakumbuka yale macho.

Masika yakakolea. Malori yakanasa njia ya Rondo, zikavuma habari kwamba Pijo yenye namba nyekundu inapanda na kushuka na mizigo. Tawakali akacheka, kisha akaacha kucheka, kisha akarudi Mchinga kuhakikisha.

Bi Kudra akampakia bila kinyongo, dereva wake Romani akaondoa gari. Lo! Injini iliimba sauti moja bila kukwama. Kwenye makorongo springi zilijikunja na kujinyoosha, abiria hata viti hawakuachana navyo. Mawe yaligonga chuma kilichokinga tumbo la gari, yakakata tamaa. Palipozama malori, Romani alikanyaga mafuta, Pijo ikapita ubavu ubavu. Tawakali, aliyeutunga uongo ule kwa mdomo wake, akauamini. Wajinga wengine husubiri kudanganywa na watu, huyu alijitosheleza.

“Niuzie, mama.”

“Gari la Safari? Mzungu alilia, mimi nisilie?”

Tawakali akatoa saa, redio, na bangili zote za dhahabu alizowalaghai wanawake wa Kilwa. Bi Kudra akajifuta machozi kwa upindo wa kanga, akaomba abaki na gari hadi kesho, aliage.

Kesho yake Tawakali akaondoka akipiga honi. Hata minazi ya Mchinga hajaimaliza, gari likakohoa, likapiga mshindo, likazima. Akafungua boneti. Injini iliyokuwa mle aliijua: ile yake kongwe. Akarudi kwa miguu, anatweta.

“Umeniibia injini!”

“Ile ni ya Pijo ya marehemu mume wangu, iliyopinduka Mtama. Nililiazimisha gari lako, pamoja na springi na kile chuma cha tumboni. Sasa nimekurudishia ulichoniuzia, hata kikohozi.”

“Nakwenda polisi!”

“Twende wote. Na zile bangili tuzibebe?”

Tawakali akaketi barazani. Baadaye akauliza kwa sauti ndogo kama angeweza kusaidiwa nauli ya basi la Kilwa.

“Bure sitoi, mwanangu. Huu ni ujamaa, kila mtu ale kwa jasho lake. Niuzie lile bodi.”

Akauza.

Siku alipopata basi, lilinasa tope njiani, abiria wakateremka kusukuma. Tawakali alikuwa amezama mpaka magotini iliposikika honi nyuma. Pijo ikawapita kwa kasi, Romani kwenye usukani, ikamwogesha tope toka kofia mpaka viatu. Na yule mpumbavu, badala ya kutukana, alisimama akaitazama mpaka ikapotea, kisha akamwambia abiria aliyesimama naye:

“Umeiona ile? Ilikuwa yangu. Imetoka mbio za Safari.”