Babu wa Managu

Jumatatu, 5 Mei

Nyanya zangu zote zimekufa. Zimenyauka zikiwa bado kijani, kama zilizomwagiwa maji moto. Na askofu anakuja! Mama ambaye tuta lake litapendeza kuliko yote katika shamba la kanisa, hapa Dagoretti, ndiye atakayemkaribisha mezani. Nimemwachia Mungu. Kesho napanda mboga ya managu palepale.

Jumanne, 6 Mei

Stellah wa tuta la jirani amenishauri. Nani alimwomba? Ati nyanya, managu, viazi na hoho ni ukoo mmoja, babu yao wa kale mmoja, kwa hivyo maradhi ya mmoja huwafuata wote. Ukijua ukoo, anasema, hata mmea usiowahi kuupanda unaweza kukisia utaugua nini. Akanionyesha maua. Haya, yanafanana. Hata mimi nafanana na muuza mitumba wa Kawangware, na si ndugu yangu. Managu ina babu! Alizikwa wapi?

"Panda sukuma wiki hapo, Mama Ciru," akaniambia. "Sukuma si wa ukoo huo."

Sukuma, kwa askofu! Nikamjibu Kikristo: asante. Nikapanda managu. Managu ni mboga, nyanya ni kiungo. Sokoni hata hazikai meza moja.

Jumatano, 14 Mei

Managu imelala chini. Hii si ukoo, hii ni kijicho. Sukuma na maharagwe ya Stellah yanacheka tu. Nimesali, nikapata wazo. Kama udongo wangu una ugonjwa, tuugue wote. Alfajiri, kabla ya maombi, nimebeba karai mbili za udongo wangu nikamwaga kwenye tuta lake. Bwana anajua moyo wangu.

Jumatano, 21 Mei

Sukuma za Stellah zimenenepa. Majani kama masikio ya ndovu. Hakuna hata moja lililonyauka. Mtu hana haya.

Jumapili, 25 Mei

Baada ya ibada wamekagua matuta. Stellah atamkaribisha askofu. Mimi nimepewa kuosha sufuria. Mama Mchungaji amenihurumia, akanipa tuta jipya kule kwenye ua, mahali ambapo hapajawahi kulimwa. Stellah akaniambia nina bahati, udongo ule ni safi.

Safi, ndiyo, lakini hauna nguvu. Mimi nimeona kwa macho yangu udongo ulionenepesha sukuma zake ni upi. Nimeuhamisha wote kutoka tuta langu la zamani hadi hili jipya, karai baada ya karai, mpaka mgongo ukalia.

Kesho napanda nyanya.