Jamhuri Tumboni mwa Wendell Prouty

Hapa kwetu Tunbrook, Vermont, watu wamewahi kumeza nzi, wamemeza meno ya bandia, na diwani mmoja alimeza ahadi zake zote siku moja tu baada ya kuchaguliwa. Lakini kumeza nchi nzima? Tena mchana kweupe, mbele ya mkutano mkuu wa mji, mwenyekiti ameshika nyundo? Huyo ni mmoja tu. Na kwa bahati yangu mbaya, ni jirani yangu.

Wendell Prouty alikuwa dereva wa gari la mji la kukwangua theluji. Watu wengine wakistaafu huenda kuvua samaki, wakatuachia amani. Wendell akaanza kukusanya sarafu na medali za historia ya Vermont, na tangu siku hiyo hakuna aliyepumua! Ukimsalimia posta, anakutolea medali ya vita. Ukikutana naye kwa kinyozi, anakutolea medali ya maonyesho ya ng'ombe ya enzi za babu yake. Kwenye mazishi ya mzee Thurlow alimwendea mfiwa, akamshika mkono, akamnong'oneza, "Pole sana. Marehemu hakuacha sarafu zozote za zamani?"

Mimi nilijiunga na chama chake cha wakusanyaji kwa sababu ya keki. Tulikuwa watu sita na mbwa mmoja, tukikutana kwenye chumba cha chini ya maktaba. Wendell alikuwa anaongea, sisi tunakula, mbwa anasikiliza.

Sasa, katika hazina yake yote, kulikuwa na kitu kimoja ambacho Wendell alikipenda kuliko mkewe Lorraine, na Lorraine mwenyewe alikuwa akisema hivyo. Ilikuwa sarafu ya shaba ya zama zile Vermont ilipokuwa jamhuri yenye kujitegemea, haijajiunga na majimbo mengine ya Marekani. Upande mmoja jua linachungulia nyuma ya milima, chini yake plau. Aliinunua New Hampshire, jimbo jirani, kwenye meza ya vitu vikuukuu uani kwa mtu, kutoka kwa babu mmoja mwenye jino moja aliyeapa kwamba ilitoka kwenye kisima cha bibi yake. Ilikuwa nyeusi tii! Ungeweza kudhani imetoka kwenye dohani, si kisimani.

"Wendell," akamwambia siku moja Arlene Desrochers, mwanachama mwenzetu, mjane anayepika sharubati nzito ya utomvu wa mti wa mepli na mwenye ulimi ambao ungeweza kunyolea ndevu, "hiyo ni sarafu au kipande cha mkaa?"

"Huo ni weusi wa karne, Arlene! Sarafu ya kale haioshwi. Ukiiosha, umeiua!"

"Sijasema niioshe. Nipe niiangalie kwa karibu."

"Uishike na hivyo vidole vinavyonata? Labda nife kwanza!"

Basi ikafika Machi, mwezi ambao kwetu theluji inakuwa tope na tope linakuwa serikali. Jumanne ya kwanza ya mwezi huo, kama kawaida, mji mzima ukajaa ukumbini kupiga kura juu ya kila kitu, kuanzia bajeti ya shule mpaka mbwa wa nani anabweka sana. Hoja ya tisa ilikuwa ya Wendell. Alitaka kuupa mji ile sarafu yake, na mji nao ununue kabati la kioo, uliweke maktaba, juu yake paandikwe kwa herufi za dhahabu: HAZINA YA WENDELL PROUTY.

Msicheke. Mtu yule alikuwa amekwangua barabara zetu miaka na miaka, usiku na baridi, na hakuna hata kichochoro kimoja kilichopewa jina lake. Alikuwa akilitaka kabati lile kama mtoto anavyotaka baiskeli. Asubuhi ile alivaa suti ya harusi yake, vifungo vikilia kwa uchungu.

Shida ni kwamba hoja ya saba, ya kununua bomba la kupitisha maji chini ya barabara, ilituchukua asubuhi nzima. Hoja ya tisa ilipofika, harufu ya maharage na nyama ya nguruwe ilikuwa imeshatoka jikoni na kuzunguka ukumbi mara kadhaa, ikimshika kila mtu kola. Matumbo yalikuwa yananguruma kuliko wasemaji.

Wendell akapanda jukwaani.

"Wananchi wa Tunbrook! Leo siwapi sarafu. Leo nawapa Jamhuri!"

"Maharage yanapoa!" sauti ikatoka nyuma.

"Bwana Prouty, kwa kifupi," akasema mwenyekiti, Harlan Stoddard, mfugaji mwenye sauti ya kuita ng'ombe walio ng'ambo ya vilima viwili.

"Kwa kifupi, Bwana Mwenyekiti, nitaanzia mwaka 1777."

Ukumbi mzima ukaguna. Arlene akasimama.

"Bwana Mwenyekiti, mimi nauliza kitu kimoja tu. Nani ameikagua hiyo sarafu?"

"Mimi!" akajibu Wendell.

"Na nani amekukagua wewe?"

Kicheko! Wendell akawa mwekundu kama jogoo aliyetukanwa mbele ya mitetea wake.

"Arlene Desrochers, mtaalamu wa kweli hahitaji hadubini! Shaba ya Vermont ina ladha yake! Nifunge macho, niwekee sarafu kumi ulimini, nitakuchagulia ya Vermont hata nikiwa na mafua!"

"Ionje basi, tuone."

Hapo ndipo mtu mwenye akili angesema, "Nitaionja baada ya chakula." Lakini Wendell akaitoa sarafu kwenye kitambaa chake cha hariri, akainyanyua juu ili watu wote waione, akaiweka ulimini kama mtu anayepokea sakramenti. Akafumba macho. Akanyoosha kidole kimoja juu.

"Nathikia…" akasema, ulimi umelemewa, "nathikia milima… nathikia plau…"

"Nasikia njaa!" ikasema ile sauti ya nyuma.

Mwenyekiti Stoddard, ambaye naye alikuwa binadamu mwenye tumbo, uvumilivu ukamwishia. Akainua nyundo, akaishusha kwa nguvu zake zote, PAAA! Akanguruma: "BWANA PROUTY! SARAFU MEZANI!"

Wendell akaruka. Koo likafanya glup.

Ungesikia maharage yakichemka.

"Sarafu iko wapi?" akauliza mwenyekiti.

Wendell akajipapasa shingo, kifua, kisha tumbo, taratibu, kama mtu anayemsindikiza mgeni njiani.

"Nimemeza."

"Nilisema MEZANI! Sikusema MEZA!"

Jamani, ukumbi ulivyopasuka! Watu walishikana, watu walikaliana, mama mmoja aliangua kicheko mpaka miwani yake ikaanguka kwenye bakuli la kabeji. Mzee mmoja wa mstari wa mbele akanyoosha mkono. "Hoja ya utaratibu! Mji unaweza kupokea mali ambayo bado imo ndani ya mtoaji?"

Mwenyekiti akafungua kitabu cha kanuni, akapekua, akakifunga. "Kanuni hazisemi."

"Basi tumpokee Wendell mzima mzima!"

"Mchukueni!" akasema Lorraine kutoka kwenye kiti chake. "Mimi sina pingamizi."

Ikapigwa kura, na kwa sauti moja mji ukaahirisha hoja ya tisa kwa wiki moja, "mpaka zawadi itakapopatikana." Halafu watu wakakimbilia maharage.

Mimi ndiye mwenye pikapu yenye magurudumu makubwa, kwa hiyo mimi ndiye niliyempeleka hospitali. Lorraine akakaa mbele. Nyuma akakaa Wendell na, amini usiamini, Arlene.

"Wewe unakuja kufanya nini?" Wendell akamuuliza.

"Mimi ni shahidi. Ikitoka, nataka niwepo."

Hatukufika mbali. Kwenye mteremko wa kinu cha zamani, barabara ikatumeza kama Wendell alivyomeza sarafu. Tope likapanda mpaka kwenye milango. Mimi na Lorraine tukashuka kusukuma, Arlene akashika usukani. Wendell akabaki amekaa, mikono miwili juu ya tumbo.

"Shuka usukume, mwanamume wewe!" mkewe akamwambia.

"Siwezi, Lorraine! Nikijikaza itasogea! Hii ni urithi wa taifa!"

"Mjomba wangu wa kike… yaani shangazi yangu," akasema Arlene, akicheka mpaka maneno yakamgongana, "alijifungulia kwenye tope hilihili, na alisukuma gari mwenyewe!"

Tulikaa pale mpaka trekta la jirani likaja kutung'oa, mchana umekwisha, sote isipokuwa Wendell tumefanana na viazi. Hospitalini muuguzi akatutazama wanne, akamchagua aliye msafi.

"Nini kimekuleta, baba?"

Wendell akajinyoosha. "Nimeimeza Jamhuri ya Vermont."

Muuguzi akaandika huku akisema polepole, "A-me-me-za sa-ra-fu." Kisha akafungua droo, akambandikia stika ya dubu kifuani. "Huwa tunawapa wote waliomeza sarafu. Ila kawaida huwa na miaka mitatu."

Akapigwa eksirei. Daktari, mama mmoja kijana aitwaye Cousineau, akaiweka picha kwenye taa, nasi tukasogea wote. Lo! Mbavu za Wendell zimejipanga kama uzio wa malisho, na katikati ya giza la tumbo, duara jeupe linang'aa.

"Ona uzuri wake!" akanong'ona Wendell, machozi yakimlenga. "Hata ndani ya tumbo ina heshima!"

Lakini daktari alikuwa amekunja uso. "Bwana Prouty, ulisema hii ni shaba?"

"Shaba tupu!"

"Kingo zake zimeanza kuliwa. Ona hapa, na hapa. Shaba haiishi hivi kwa masaa machache. Hii ni zinki, na zinki ikikaa tumboni inachoma. Inabidi itoke leo hii."

"Haiwezekani! Itakuwa mashine yenu ina hitilafu!"

"Mashine yetu ni mpya, baba. Chakavu ni tumbo."

Hapo Lorraine akaacha utani. Akamshika mumewe mkono wakati wanamlaza, akasema, "We Wendell, ukifa kwa ajili ya kitu cha New Hampshire sitakusamehe." Arlene naye akatazama pembeni, akajifanya anasoma tangazo la kunawa mikono. Tukakaa barazani, tope likitukaukia miguuni. Sikuwahi kufikiria kwamba ningemwombea mtu huyo azidi kuongea.

Wakampitishia mpira mwembamba wenye kamera kooni, na baada ya muda daktari akatoka na kibakuli cha chuma. Ndani yake, cling! Jamhuri.

Lakini haikuwa nyeusi tena. Tumbo la Wendell Prouty, ambalo miaka yote lilishughulika na nyama ya nguruwe na keki za chama, lilikuwa limeiosha sarafu ile safi kabisa. Ule weusi wa karne, kumbe ni rangi ya viatu! Arlene akatoa kioo cha kukuzia kwenye mkoba wake (alikuja nacho, mama yule!) akainama juu ya kibakuli. Akanipa mimi kioo. Nikaangalia.

Chini ya plau, kwa herufi ndogo nzuri, paliandikwa: NAKALA.

Na kwenye ukingo, kwa herufi ndogo zaidi: *Zawadi kwa kila anayejaza tangi.*

Tulimpelekea Wendell kitandani. Akaisoma. Akaigeuza. Akaisoma tena, kana kwamba ingebadili mawazo.

"Labda," akasema kwa sauti iliyokwaruzwa na mpira, "jamhuri ilikuwa na vituo vya mafuta."

Lorraine alijitahidi, Mungu anajua alijitahidi. Alibana pua, akabana midomo, mabega yakaanza kuruka, kisha pwaaa! Akaangukia kitanda kwa kicheko, Arlene akafuata, nami nikafuata, na daktari akalazimika kutoka nje ili alinde heshima ya taaluma. Wendell akatutazama sote, stika ya dubu ikiwa bado kifuani. Hakucheka. Ila alimwacha Lorraine aendelee kumshika mkono.

Wiki iliyofuata ukumbi ulijaa hadi kwenye ngazi. Watu waliokuwa hawajahudhuria mkutano tangu ujana wao walikuja na viti vyao. Hoja ya tisa ikasomwa. Wendell akasimama, safari hii amevaa sweta.

"Bwana Mwenyekiti, naomba kuiondoa hoja yangu. Sarafu si halisi. Nilidanganywa, nami nikawadanganya nyinyi." Akakaa.

Watu wakapiga makofi, kwa sababu ile ndiyo hotuba fupi kuliko zote alizowahi kutoa. Nikadhani yamekwisha. Lakini Arlene akasimama.

"Bwana Mwenyekiti, napinga hoja kuondolewa. Naomba tuifanyie marekebisho. Kabati linunuliwe. Jina la Wendell liandikwe, herufi za dhahabu, kama alivyotaka. Sarafu iwekwe ndani, na nyuma yake iwekwe ile picha ya eksirei, imulikwe na taa."

"Arlene!" akapiga kelele Wendell.

"Lorraine ameshanipa picha."

"Lorraine!"

"Wanaokubali?" akauliza mwenyekiti, mkono kwenye nyundo.

"NDIYOOO!" Vioo vya madirisha vikatetemeka. Aliyepaza sauti kuliko wote alikuwa amekaa kando ya Wendell na alikuwa na pete yake kidoleni.

"Wanaopinga?"

"Siyo," akasema mtu mmoja aliyevaa sweta.

Kabati lilisimamishwa maktaba kabla theluji haijaisha. Watu wanatoka miji mingine kuliona, na hawatazami sarafu hata kidogo. Wanatazama mbavu. Wendell naye hupita pale mara kwa mara, anasimama pembeni, mikono nyuma, akingoja aulizwe. Na juzi bibi mmoja wa Connecticut akamuuliza kweli, "Hivi, katika vyote hivi, kilicho cha kweli ni kipi?"

Wendell akavuta pumzi ndefu ya kuanzia mwaka 1777. Lakini yule bibi alikuwa ameshainama kusoma kikaratasi chini ya kioo, ambacho Arlene alikiandika kwa mkono wake mwenyewe:

*Sarafu ni nakala. Tumbo ni halisi.*