Antena, Mkanda na Mama Mkwe

Leo nimeaibika mbele ya mama mkwe. (Kusema kweli nilikuwa nimempa mgongo, na hapo ndipo balaa lilipo.)

Naandika mapema kabla Shabani, fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara, hajawaletea habari kwa namna yake. Nusu ya mtaa wetu wa Mwisenge imeshazipata.

Leo saa saba mchana binti yangu Nyanjura alikuwa anasoma habari kwenye televisheni kwa mara ya kwanza, kwenye ile chaneli ya bure tunayoikamata kwa antena. Mama mkwe akatoka Butiama asubuhi kuja kumwona mjukuu wake. Kaja na kuku, amefungwa miguu kwa kamba ya katani. Yeye akaingia mlango wa mbele, mimi nikatokea wa nyuma. Kwetu ndivyo ilivyo: mwanamume na mama mkwe wake hawakai chumba kimoja, hawatazamani, hawasemeshani. Tangu nimwoe binti yake, na huyo binti sasa ana mvi, mama huyu hajawahi kunitamkia neno. Salamu zetu zinapitia kwa mke wangu.

Maana yake ni kwamba mwanangu atasoma habari sebuleni kwangu na mimi siruhusiwi kuwemo. Lakini nilijiona nina akili. King'amuzi chetu ukikichomekea flashi kinarekodi. Nikachomeka, nikamwonyesha mke wangu kitufe chekundu kwenye rimoti.

"Habari zikianza, bonyeza hiki. Mama akienda kupumzika, nami nitaangalia kwa raha zangu."

"Flashi ina nafasi?"

"Nafasi tele." (Likumbukeni jibu hilo.)

Sasa antena. Iko juu ya bomba la chuma, na bomba limefungwa kwa nje kwenye nondo za dirisha la sebuleni kwa mpira wa baiskeli. Nimelifunga mwenyewe. Mke wangu alikuwa anataka fundi siku nyingi, nikamwambia fizikia nimesoma. Zimebaki dakika chache, upepo ukaja kutoka ziwani, mpira ukakatika, bomba likazunguka.

"Baba Nyanjura, picha imeganda," nikasikia kutoka ndani.

Nikatafuta kamba uani. Hakuna. Kamba pekee ilikuwa miguuni mwa kuku, na kuku yuko sebuleni, kando ya mama mkwe. Nikavua mkanda wa suruali, nikafungia bomba.

Mkanda ulilizuia bomba lisianguke, haukulizuia lisizunguke. Ikabidi nilishike kwa mikono miwili juu ya bega, mgongo nimeuelekeza dirishani kwa adabu, uso barabarani.

"Kulia kidogo," mke wangu akaongoza. "Umepitiliza. Rudi. Hapo hapo, usipumue."

Nikasikia sauti ya mwanangu: "Hamjambo watazamaji." Sikugeuka. Nilitamani, lakini sikugeuka.

Suruali hii niliinunua wakati nilikuwaga na tumbo. Ikaanza kushuka. Haikuwa na haraka, kama inayojua taarifa ya habari ni ndefu. Nikabana mapaja. Ikapita. Nikaachia mkono mmoja niidake, na ndani sauti ya mwanangu ikakatika katikati ya neno. Nikarudisha mkono. Mwanangu akaendelea. Suruali nayo ikaendelea.

Nikaamua kuachia bomba, maana aibu nayo ina mpaka. Ndipo ikatoka sauti dirishani, nyuma ya shingo yangu, na haikuwa ya mke wangu.

"Mkwe, usiachie."

Miaka yote hiyo, hilo ndilo neno la kwanza. Ungekuwa wewe ungeachia? Suruali ikafika kwenye vifundo vya miguu. (Ndani nilivaa bukta ya mpira, ya mwanangu wa kiume. Nyuma ina namba tisa, kubwa. Mama mkwe hajasoma, lakini tarakimu anazijua.)

Shabani alikuwa barazani kwake, mbele yangu kabisa. Akasimamisha cherehani, akavuka barabara na futi yake shingoni.

"Mzee Magesa, hii tunapunguza kiuno au tunaiacha hivyo hivyo?"

"Shabani, nipandishie."

"Nikupandishie mimi?"

"Mikono yangu ina kazi, ndugu yangu."

Akaipandisha, akaishikilia kwa nyuma kwa mikono miwili. Kisha nikahisi ametulia mno. Alikuwa anaangalia dirishani.

"Kumbe ni Nyanjura! Kavaa bluu."

"Anasomaje?"

"Hatetemeki. Mzee, mtoto anasoma huyu."

"Anatabasamu?"

"Kidogo. Simama vizuri, unakatakata picha."

Basi tukakaa hivyo, mimi nimeshika antena, Shabani kashika suruali. Bodaboda mmoja akapunguza mwendo.

"Huyo mzee amekamatwa?"

"Hapana," Shabani akamjibu, "anaangalia habari."

Habari zilipokwisha, mama mkwe akaenda kupumzika chumba cha uani. Nikafungua mkanda wangu kwenye bomba, nikavaa, nikaketi kama mtu mwenye nyumba, nikawasha rekodi. Nyanjura akatokea. Kweli, bluu. Akatabasamu, akasema, "Hamjambo watazamaji." Kisha maandishi: flashi imejaa.

Imejaa mieleka. Nimeirekodi mwenyewe, na mke wangu aliniambia niifute. Simlaumu mtu. Nimepata salamu tu, na nimeshaijibu mara nyingi. Mama mkwe kamwona Nyanjura, mke wangu kamwona, Shabani kamwona, kuku kamwona. Mimi baba mtu nimesimulia niliyosimuliwa.

Nikakaa jikoni kungoja faini, maana kosa kama lile kwetu linalipiwa mbuzi. Mke wangu akaja, midomo kaikaza asicheke.

"Mama amesema..."

"Mbuzi wangapi?"

"Hataki mbuzi. Kesho Nyanjura anasoma tena. Anataka picha iwe safi kama ya leo." Akanipa ile kamba ya katani. "Na amesema ujifunge."

Nikachungulia uani. Kuku anatembea zake huru.

Naombeni msinicheke. Kesho nitasimama dirishani nimefungwa kamba, na flashi nimeshaisafisha. Mieleka yote nimefuta, isipokuwa pambano moja tu. Hilo haliwezi kujaza flashi.