Nguruwe Aliyekalia Kiti Changu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ile unayowapa kila wiki wanaolalamikia mbwa na barabara. Mimi ni Verlon Stallings. Kwa miaka ishirini na sita ndiye ninayechoma nguruwe mzima kwenye karamu ya Oktoba ya kanisa letu, hapa Carolina Kaskazini. Mwaka huu nimekatazwa, kwa sababu ya mdogo wangu Thurman, ambaye tangu Machi anaishi kwa figo ya nguruwe aliyopandikizwa. Malalamiko yangu ni haya:

1. Nilimpelekea sahani ya mbavu zenye siki na pilipili. Akaisukuma kando wageni wakiona: "Kaka, huyo ni jamaa yangu." Watu wakacheka. Mimi nilikuwa nimekaa na makaa kwa muda wa saa kumi na mbili, sikucheka.

2. Ametundika picha ya nguruwe sebuleni, pembeni ya marehemu mama. Si hata nguruwe mwenyewe aliyetoa figo! Kaikata kwenye kalenda ya duka la chakula cha mifugo. Hapo palikuwa na picha yangu. Sasa iko karibu na choo.

3. Mchungaji amemwombea mnyama huyo kwa jina. Wamemwita Otis. Mgongo wangu unaniuma tangu mwaka juzi na hajauombea hata Jumapili moja.

4. Kamati ya karamu imeamua tule kuku, na kiti kilicho mkono wa kulia wa Thurman kiachwe wazi kwa heshima ya Otis. Kiti hicho ni changu tangu tukiwa watoto. Nilipolalamika, mke wake Nadine alinikata kauli: "Shemeji, Otis katoa figo. Wewe umetoa nini?" Nikamjibu: mchuzi wa siki, miaka ishirini na sita, bila kukosa.

5. Sasa Thurman anataka jina la Otis lichongwe kwenye jiwe la kaburi la ukoo. Kesho nguruwe watadai urithi, keshokutwa kura. Kama kipande kimoja cha nyama kinamfanya mtu ndugu, sisi tuliozaliwa tumbo moja tuna kazi gani?

Naiomba serikali ipige marufuku viungo vya wanyama, na Thurman atafutiwe figo ya binadamu mwenye heshima zake.

Wasalimie wote hapo ofisini, na wasomaji wote wanaokula nyama bila kuipa jina.

Wako mwenye uchungu wa haki,
Verlon Stallings

N.B. Kabla Nadine hajakueleza: ni kweli, miaka miwili iliyopita vipimo vilionyesha figo yangu ingemfaa, na nilikubali. Ila siku ya upasuaji iliangukia wiki ya karamu, na nguruwe nilikuwa nimeshamwagiza.