Namna ya Kuondoka Polepole Dirishani

Jumanne, tarehe 4 Machi

Daktari kamruhusu binti yangu. Kidonda cha upasuaji wa kidole tumbo kinafunga vizuri, arudi nyumbani ajisomee, Jumatatu ana mtihani. Nikamshukuru Mungu. Kisha nikapewa bili.

Ndefu kama shuka. Maneno ya kidaktari matupu. Sikuuliza hata moja. Nauza mitumba, najua: mteja anayeuliza kitambaa gani hiki ndiye anayepandishiwa bei. Nikaikunja, nikamwambia keshia dirishani nampa nusu. Akasema, mama, hapa si sokoni. Wote huanza hivyo. Nikaondoka polepole, sikio nyuma, nasubiri kuitwa. Nikapita maabara. Nikapita dirisha la dawa. Kimya. Nikafika getini, mlinzi akanifungulia na kunitakia safari njema. Nataka kurudi, anasema muda wa kuona wagonjwa umekwisha.

Mtoto kalala huko tena. Na kitanda kinahesabiwa.

Jumatano, tarehe 5

Nimewaza. Asiyelala kitandani hadaiwi kitanda. Nikamketisha mwanangu kwenye benchi, kitanda nikakitandika kama hakijaguswa tangu kinunuliwe. Akasema mama, tumbo linavuta. Nikamwambia mvumilivu hula mbivu. Roho iliniuma, nikamwekea kanga yangu mgongoni.

Nesi akamkuta kajikunja. Akamuuliza kama anasikia kizunguzungu. Na huyu mtoto hajui uongo, akasema kidogo. Akapimwa presha. Akapimwa damu. Daktari akasema alale tena, aangaliwe. Vipimo vyote vimeingia kwenye bili.

Alhamisi, tarehe 6

Mama Sufuria ameniudhi. Jina nimempa mimi, kwa kelele za vyombo vyake. Anamuuguza dada yake, kitanda cha jirani. Leo kasimama mlango wa ofisi ya mahesabu na bili yake, anauliza mstari kwa mstari: hiki nini, hiki nani katumia. Watu wote wanasikia hajui. Nilimwonea aibu nikatazama dari. Akarudi bili imepungua. Bahati tu. Akaniambia kuuliza si ujinga, shoga, lete na yako. Nikamjibu ahsante, yangu naielewa. Nimeikunja hadi inaanza kuchanika.

Nikaondoka tena dirishani polepole. Safari hii nilikohoa kidogo. Mlinzi ameshanizoea, anaulizia hali ya nyumbani.

Ijumaa, tarehe 7

Daktari kamruhusu tena mtoto, ila mimi nimechoka hadi kwenye mifupa. Meza yangu sokoni imefunikwa turubai, na wateja wangu najua wako kwa nani. Nikajaribu mara ya mwisho. Keshia hata hakuinua kichwa. Nikaondoka polepole kuliko siku zote. Niko karibu na geti, nikasikia mama, mama. Wameita! Kugeuka, ni binti yangu na mkoba wake, Mama Sufuria kamshika kiwiko.

Kumbe binti aliitoa bili kwenye kanga yangu nikiwa nasinzia kwenye benchi. Wakaenda mahesabu, wakauliza. Dripu na glavu nilizonunua mwenyewe duka la dawa zilikuwamo. Chakula cha wodi, ambacho mwanangu hakukionja, kilikuwamo. Risiti zangu zote alikuwa nazo, anazitunza kama madaftari yake. Vyote vimefutwa. Kinachobaki, ofisi ya ustawi wa jamii imekubali tulipe kidogo kidogo. Ofisi yenyewe iko njia ya getini. Nimepita mlangoni kwake kila nilipoondoka.

Nikamkumbatia mwanangu taratibu, nisiguse kidonda. Nikalia. Mama Sufuria naye akalia, sijui yeye kwa lipi.

Jumamosi, tarehe 8

Binti anasoma, kajilaza kwenye kitanda chake kisichohesabiwa. Jirani kaja kuniuliza nimewezaje kuwafanya wale watu wapunguze bili. Nikamweleza: waliona mtu anaondoka kweli, wakaogopa. Binti akasema jamani, mama. Mtoto bado, hajui biashara.

Wiki ijayo tunarudi kutolewa nyuzi. Nesi amesema hiyo ni bure, hatulipi hata senti.

Sawa. Hiyo ndiyo bei yao ya kuanzia. Nitasikiliza, nitatikisa kichwa, kisha nitaanza kuondoka polepole.