Pikipiki ya Umeme na Nguvu za Baba Mtoto

Jumatatu, 3 Machi

Alfajiri baba mtoto kawasha pikipiki yake ya abiria chini ya dirisha. Inanguruma, moshi hadi kitandani. Mwanangu, niliyembembeleza usiku kucha, macho kodo. Kifua chake kidogo kinakohoa kama cha mzee. Nimesema tena: tubadilishe, tuchukue ya umeme, haina moshi wala kelele. Akasema mama yake amesikia ya umeme huita radi. Kasikia wapi? Kwa jirani. Na jirani? Naye kasikia. Nyumba nzima inaendeshwa na masikio.

Jumanne

Dawa ya moto ni moto. Nimemnong'oneza msusi kwamba mtetemo wa injini ya petroli humaliza nguvu za kiume. Nikamwambia asimwambie mtu. Kwa msusi, hiyo ni sawa na kupiga mbiu.

Alhamisi, 6 Machi

Imeiva. Mume karudi saa nne asubuhi, kaiegesha ukutani, hataki hata kuitazama. Kijiweni wenzake wote wanakalia mito. Nikasema basi, twende tukachukue ya umeme. Akanitazama kama mwendawazimu. Habari iliyomfikia yeye ni kwamba pikipiki zote humaliza, na ya umeme ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu humaliza kimyakimya.

Nilimpa msusi yai. Mtaa umenirudishia jogoo, tena ananidonoa mimi.

Ijumaa

Kalala sebuleni mchana kutwa, anakoroma. Mtoto macho. Unga umeisha. Mama mkwe kaagiza mwanawe asifanye kazi mpaka nguvu zitulie. Nikamwambia mume ni uongo mtupu. Akaniuliza kwa upole, mke wangu, wewe utajuaje? Habari imetoka kwa mtu aliyesoma.

Hasira zimenipanda. Ila kidogo nikafurahi. Sijawahi kuitwa msomi.

Jumamosi

Wifi kaja na pikipiki mpya ya umeme. Imefika hadi kizingitini, mwanangu aliyelala hakutikisa hata kope. Kasema yeye hakusikiliza mtu: alikwenda dukani, akaomba kuijaribu, mvua ikamnyeshea akiwa juu yake, akarudi mzima. Eti nimpandishe kaka yake, azunguke mtaa, aone mwenyewe.

Nimemwambia asinifundishe kumtunza mume. Kosa langu ni moja tu: habari za wanaume nimezipitishia kwa wanawake. Kesho asubuhi nakwenda kwa kinyozi. Atasikia kwamba umeme huzirudisha nguvu maradufu.