Mtunza Chumvi wa Nyumba Yetu

Jumatatu, 6 mwezi wa tano

Nimetoka dispansari. Tension, yaani presha ya damu: kumi na saba kwa kumi! Elodie, muuguzi, aliangalia mashine, akaniangalia mimi, akaangalia mashine tena. Sijawahi kutazamwa kwa heshima kubwa namna hiyo. Daktari akaniuliza baba yangu alikufa na nini. Nikasema tension. Akiwa na miaka mingapi? Hamsini. Na mimi? Arobaini na tisa na miezi minane. Akaandika kitu kirefu, akanipa karatasi. Chumvi basi. Basi kabisa.

Nilimweleza Agathe, mke wangu, kwa sauti ya chini, tena nusu tu. Nusu ya pili alikuwa ameshaipata kwa Elodie, maana wanaimba kwaya moja. Kabla sijavua viatu, chumvi yote ya nyumba ilikuwa imepewa jirani. Jirani yupi? Zagabe! Bagira nzima ina watu, lakini lazima awe Zagabe.

Saa tisa tukala bugali na sombe, majani ya muhogo, bila chumvi. Nilitafuna majani. Hata mbuzi hupewa chumvi! Mapendo, kitinda mimba wetu wa miaka tisa, ndiye pekee aliye nyumbani, wakubwa wako internat, shule ya bweni. Alionja, akanitazama nikitafuna. Kisha akauliza kama mtoto asiye na tension anaweza kujiongezea chumvi mwenyewe. Agathe akasema hapana, kuongeza chumvi mezani ni kumtukana aliyepika.

Mimi nikaacha kutafuna. Mtoto akiruhusiwa, chumvi itarudi mezani. Ikirudi mezani, mimi nina vidole. Wazo hili limekuja lenyewe, bila kuitwa. Nimebaki nikiistaajabia akili yangu mpaka chakula kikapoa.

Jumatano, 8

Shirika, jumuiya yetu ndogo ya kanisa, lilikutana leo kwa maman Nathalie. Somo la wiki lilihusu nini? Chumvi! Nywele zilinisimama. Maombi yalipokwisha nikanyoosha mkono, nikauliza mbele ya familia kumi na mbili: je, wazazi waache watoto wajiongezee chumvi?

Sijui maneno yalitoka wapi. Nilisema mtoto anayepimiwa kila kitu hatajua kupima chochote. Siku atakayotoka nyumbani atamwaga mkebe mzima, na mama hatakuwepo. Heri ajifunze kidogo kidogo, mbele ya macho yetu, akiwa bado wetu. Wamama waliitikia kwa vichwa. Mimi mwenyewe nilitaka kukaa chini nimsikilize huyu mtu.

Zagabe, prezida wa shirika, alisimama kunipinga. Mtoto hana kipimo, alisema, ana hamu tu. Mama akishaonja chungu, kazi imekwisha. Kisha akanigeukia, akaongeza kwamba kuna wazee wanaojificha nyuma ya watoto. Watu wakacheka. Lakini mikono ilipohesabiwa, nilishinda! Hata Bibiane, mke wake, alikuwa upande wangu. Mapendo alikuwa ameketi mkekani, ananitazama kwa macho makubwa. Hakuna aliyewahi kunitazama hivyo, hata siku ya ndoa.

Alhamisi, 9

Agathe ameheshimu uamuzi wa shirika. Amenunua pakiti mpya ya chumvi. Nilikuwa nimeshakaa mezani, mikono imenawa. Akanipita na pakiti yake, akamkabidhi Mapendo. Akamwambia: Pakiti iko yako. Inakaa mu sakoshi yako ya masomo. Papa yako hana ruhusa hata ya kunusa.

Chumvi imo nyumbani lakini haimo mezani! Hilo sikulipigia hesabu.

Mapendo alitugeuzia mgongo, akaingiza mkono katika sakoshi, akageuka, na vidole vikacheza juu ya sahani yake. Polepole, kwa adabu, kama padri anayebariki. Mate yalinijaa. Nikaomba chembe mbili. Akasema: Papa, hapana. Hakukunja uso, hakupandisha sauti. Mimi ni sekretari wa shule, mwaka wa kumi na mbili huu, na hakuna aliyewahi kunikatalia kwa upole wenye nguvu hivyo. Niliinamia sahani yangu, nikaimaliza.

Ijumaa, 10

Mkono mtupu haulambwi. Nimemletea beignets tatu, maandazi matamu, za moto. Alizipokea kwa mikono miwili, akaketi karibu nami, akala moja, akampelekea mama yake moja, akanirudishia ya tatu. Tulipokaa mezani akaomba Mungu ashushe tension ya papa. Nikaificha beignet yangu chini ya meza.

Nikajaribu cheo. Nilimkumbusha kwamba kichwa cha nyumba ni mimi. Akakubali bila shida. Akasema papa ni kichwa, maman anapika, yeye anatunza chumvi, kila mutu iko na kazi yake. Miaka tisa! Watoto wa namna hii wanatoka wapi? Mimi kwa umri wake nilikuwa ninaiba sukari na kumsingizia paka. Nilitoka nje nikasimama uani kidogo, nikiangalia paa za majirani, maana nilikuwa ninaogopa kumtazama.

Jumamosi, 11

Mpango wa leo ulikuwa bora kuliko yote. Kwetu, kama katika nyumba nyingi, baba hula sahani yake peke yake na kumwachia kitinda mimba matonge ya mwisho. Mapendo amekula mabaki yangu tangu alipoota meno. Leo nimetangaza kwamba mila hii inahitaji haki. Kuanzia sasa kitinda mimba naye atamwachia baba.

Agathe alicheka mpaka akashika mlango. Akasema sikio la kufa halisikii dawa. Lakini Mapendo alifikiri, akakubali. Akanyunyiza chumvi yake kama kawaida, niliona kwa macho yangu, akala nusu ya maharagwe, akanisogezea sahani.

Nikafumba macho. Nikatia mdomoni.

Hakuna kitu! Nikatia tena. Hakuna! Maharagwe matupu! Nikazungusha ulimi huku na huku, nikaulamba hata ukingo wa sahani. Basi nikajua. Ulimi wangu umekufa. Nakumbuka baba, wiki zake za mwisho, alikuwa anasema chakula hakina ladha. Tulidhani analalamikia mapishi ya mama. Nilitoka jasho mgongoni. Nikamwambia Mapendo asante, chumvi imekolea vizuri sana. Akanitazama, kisha akaichukua sahani kwenda kuiosha.

Jumapili, 12

Baada ya misa nilipita kwa Zagabe, eti kuzungumzia mambo ya shirika. Ukweli ni kwamba nilihitaji chungu cha mtu mwingine, nipime ulimi wangu. Bibiane akaleta bugali, maharagwe na sambaza, dagaa wa ziwani, za kukaanga. Nikatia tonge moja.

Yesu wangu! Chumvi ilinipiga mpaka machozi yakatoka. Nikapiga kelele kwamba chumvi imezidi. Neno likishatoka halirudi. Zagabe akaweka tonge lake chini. Akaniomba nirudie, polepole, ili mke wake na watoto wote watatu wasikie vizuri. Bibiane akaapa kwamba kipimo ni kilekile ninachokisifu kila sikukuu, na chumvi yenyewe ndiyo ile iliyotoka kwangu. Zagabe alicheka akipiga goti lake. Atalisema shirikani, najua, atalisema mpaka Krismasi.

Lakini mimi niliondoka nikiruka! Ulimi uko hai! Uko hai kuliko zamani! Nilikuwa nimefika kwenye kona ya njia yetu nilipojiuliza: kama ulimi uko hai, jana nilikula nini?

Mapendo alikuwa uani anaosha sahani. Sakoshi ilikuwa kwenye msumari. Nikaitelemsha, nikaifungua. Madaftari, kalamu, pakiti. Nikaitoa. Haijafunguliwa. Pembe zote nne nzima, hata tundu la sindano hakuna. Tangu Alhamisi mtoto huyu amekuwa ananyunyiza hewa.

Nikaketi juu ya kitanda chake na pakiti mikononi. Akaja, akanikuta hivyo. Hakukasirika. Nikamuuliza kwa nini. Akasema: Nilitaka nisikie vile weye unasikiaka. Na kwa nini alijifanya anaongeza? Kwa sababu nilisema vizuri sana pa shirika, alitaka papa Zagabe asinicheke. Halafu akaeleza, kama mwalimu anayemwonea huruma mwanafunzi: Ulisemaka mutoto atajua kipimo yake. Yangu iko hii.

Nililia. Sioni haya kuandika, nililia. Nilikwenda shirikani kutafuta njia ya kuiba, na mtoto akayachukua maneno yangu akayafanya kuwa kweli. Aliniuliza jambo moja tu, kama nitafika miaka hamsini. Nikasema nitafika. Akasema: Upite, papa. Upite mbali. Sijawahi kujiona mdogo hivyo mbele ya mtu, na mtu mwenyewe hanifiki kifuani.

Agathe alikuwa mlangoni. Alikuwa anajua tangu Alhamisi. Akasema alinyamaza kwa sababu aliogopa kuligusa jambo kama hilo lisije likavunjika. Tukakaa watatu juu ya kitanda kile kidogo.

Jumatatu, 13

Tension: kumi na nne kwa tisa! Elodie alipiga makofi. Daktari akasema tuendelee hivihivi. Nilimwambia siri ya dawa yangu ina miaka tisa na inasoma mwaka wa nne. Hakuelewa, lakini alicheka.

Ofisini sikuweza kufanya kazi. Nilimfikiria Mapendo tu. Siku nane bila chumvi, kwa ajili yangu! Mtoto kama huyo hapewi beignet. Anapewa heshima kubwa. Nilimwambia direkta ninaumwa kichwa, nikapanda teksi hadi Kadutu, nikaingia sokoni, nikapita mboga, nikapita mafuta, nikapita nguo. Mwisho wa safu nikasimama.

Makayabu! Samaki amelala juu ya karatasi, mkavu kama ubao, mweupe kwa chumvi, harufu yake inakufikia kabla hujamwona. Niliinama, karibu nipige goti. Nikaona mara moja kwamba huyu ameletwa kwa ajili ya Mapendo. Amejinyima wiki nzima, ni haki yake. Na mtoto mwenye heshima hawezi kula peke yake, lazima baba amsindikize.

Mama muuzaji akanionya nimloweke tangu asubuhi, nimbadilishie maji mara tatu. Mara tatu! Nikamwahidi, kwa adabu. Moja itatosha, tena ya haraka.

Agathe ataniuliza, najua. Nimejitayarisha. Niko kwenye teksi ya kurudi, samaki chini ya koti, na nimeisoma karatasi ya daktari mara mbili, mbele na nyuma. Amekataza chumvi. Samaki hakumtaja.